Kuna Mtu Anaalight?

Kama unatusikia ukiwa safarini, umebanwa kiti cha nyuma kati ya Konate na Kisii mjini, basi mazungumzo ya leo yamekukuta mahali pake. Neno ninalotaka kulichambua limo humo humo ndani ya gari. Hujafika mjini utakuwa umelisikia. Abiria mmoja atajisogeza, ataukusanya mfuko wake, kisha atamwambia kondakta: "Kuna mtu anaalight hapo mbele, kwa transfoma."

"Alight." Kitenzi cha Kiingereza, kikongwe kuliko matatu, kikongwe kuliko barabara yenyewe, kikongwe kuliko hata mazoea ya kuandika Kiingereza kwa herufi tunazozijua leo. Nataka tuulize kilizaliwa wapi, kilipandaje mpaka kwenye vilima vya Gusii, na kwa nini kimekataa kuondoka huku hali waliokileta wameanza kukisahau.

Na kweli wamekisahau. Mkazi wa London akitaka kushuka basi atasema "get off", na Mmarekani atasema vivyo hivyo. "Alight" kule limebakiwa na vibarua viwili vitatu. Utalisikia katika treni za chini ya ardhi, sauti iliyorekodiwa ikimwelekeza mgeni ashukie kituo hiki kama anakwenda makumbusho, au kile kama anataka kuiona kasri ya Buckingham. Utalikuta pia katika maandishi ya kifasihi, ndege akitua juu ya tawi. Zaidi ya hapo, mtu akilitamka mezani kwao, wenzake watamtazama kama aliyetoka nyumbani amevaa kofia ya marehemu babu yake.

Huku kwetu neno hilo halina unyonge. Mama anayetoka Keroka na kreti ya nyanya anaalight. Fundi wa simu anaalight. Mwanafunzi aliyefungua shule jana anaalight na sanduku lake, na kondakta ambaye Kiingereza chake chote kinaweza kuenea kwenye kiganja cha mkono atauliza gari zima, "Nani mwingine anaalight?" na hakuna atakayeinua kichwa kwa mshangao. Wapo watu, wengi wao wamekaa Nairobi miaka mingi, wanaokicheka Kiingereza hiki. Wanasema ni cha vitabuni, cha barua za kuomba kazi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sababu zangu ziko katika asili ya neno lenyewe.

Turudi nyuma basi, kabla ya mwaka 1066, kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa kwenda kuitawala Uingereza. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi "alihtan". Ndani yake mna neno "liht", maana yake wepesi, kinyume cha uzito. Kitenzi hicho kilihusu kupunguza uzito, kufanya kitu kiwe chepesi. Sasa utauliza, wepesi na kushuka vina undugu gani? Jibu ni farasi. Mtu amepanda farasi tangu alfajiri. Anafika anakokwenda, anarusha mguu, anakanyaga ardhi. Aliyepumua kwanza hapo ni nani? Ni mnyama. Kwa hiyo kitenzi hiki kilitazama safari kutoka upande wa aliyebeba. Mpanda farasi aliposhuka, watu wa kale walisema amemfanyia farasi wepesi, na baadaye maneno hayo yakaja kumaanisha kushuka kwenyewe, hata farasi alipoondoka kwenye picha.

Hilo ndilo lililonifanya nilipende neno hili. Vitenzi vingi vya safari vinamtazama msafiri: amepanda, amefika, ameondoka, amechelewa. Hiki kinamkumbuka anayeumia mgongo.

Mzizi huo una ndugu wengi. Kilatini kina "levis", Kisanskriti kina "laghu", yote kuhusu kitu kisicho kizito. Na ndugu mmoja utamkuta buchani. Wachinjaji wa Uingereza waliyaita mapafu ya mnyama "lights", yaani vyepesi, kwa sababu ukilipima pafu kwa mkono mmoja na ini kwa mkono wa pili huhitaji mizani kujua lipi ni lipi. Hata jina la kawaida la pafu kwa Kiingereza, "lung", limechipuka katika mzizi huo huo. Kwa hiyo wewe uliyeagiza supu ya mapafu jana jioni ulikuwa karibu na etimolojia kuliko ulivyodhani.

Lakini tahadhari. Kuna "alight" nyingine katika Kiingereza, yenye maana ya kuwaka moto, na hiyo ni ya ukoo tofauti kabisa. Hiyo inatoka kwenye "light" ya mwanga, ya taa. Maneno mawili yaliyoanzia mbali yakakutana njiani na kuvalishwa sare moja. Ndiyo maana mgeni akisoma kibao kinachowataja abiria wanaoalight, anaweza akashtuka akadhani gari linaungua. Na ukitaka kuona jinsi Waingereza wenyewe walivyochanganyikiwa na hizi "light" zao, angalia neno lao la furaha, "delight". Limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, halina uhusiano na mwanga wala wepesi, na hizo herufi za g na h hazikuwamo. Zilipachikwa katika karne ya 16 na waandishi waliodhani ni ukoo mmoja. Ukimwona mtoto wako amekosea tahajia ya Kiingereza, mwonee huruma kidogo. Hata wenyewe walikuwa wanabahatisha.

Waadventista na Wakatoliki wanaonisikiliza, nanyi mnalijua neno hili kwa mlango mwingine. Katika kitabu cha Mwanzo, Rebeka anaposafiri kwenda kuolewa na Isaka, anamwona mwanamume akija shambani, na anashuka kutoka juu ya ngamia. Katika Samweli wa Kwanza, Abigaili mke wa Nabali anashuka haraka kutoka juu ya punda anapokutana na Daudi. Wafasiri wa Biblia ya Mfalme James, ile ya mwaka 1611, walitumia "light" kama kitenzi katika sehemu zote mbili, kifupi cha hiki chetu. Angalieni lakini kwamba wanawake hao wawili hawakushuka kwa sababu safari imeisha. Walishuka kwa heshima. Kukaa juu ya mnyama mbele ya mtu unayemheshimu kulikuwa utovu wa adabu.

Nikiendelea kuchimba ninagundua kwamba sentensi nzima ya msafiri wa Kisii ni sentensi ya farasi. Anasema anaalight kwenye steji. Steji! Sisi Wakenya tunaiita hivyo sehemu ya kupandia gari, wakati Mwingereza wa leo anaiita "bus stop" na Mtanzania anasema kituo. Steji ni kipande cha safari. Enzi za magari ya kukokotwa, farasi walikimbia umbali fulani, wakachoka, wakabadilishwa kwenye nyumba ya wageni, na safari ikaendelea na farasi wapya. Kila kipande kikaitwa "stage", na gari lenyewe likaitwa "stagecoach". Hiyo "coach" nayo, ambayo leo imeandikwa kwa rangi za kung'aa ubavuni mwa mabasi ya usiku ya Nairobi, inatokana na kijiji kimoja cha Hungaria kiitwacho Kocs, kilichosifika katika karne ya 15 kwa kutengeneza magari mazuri ya farasi. Na dereva? Dereva ni mswaga wanyama. Kitenzi "drive" kilihusu kuswaga ng'ombe na farasi kabla hakijahusu usukani. Yaani kijana anapanda basi Kisii saa mbili usiku, anakohoa moshi wa dizeli, na maneno yote anayoyatumia yananuka zizi la farasi. Gusii haijawahi kuwa nchi ya farasi. Tuna ng'ombe, tuna mbuzi, tuna punda wa kubeba maji. Farasi alikuja ndani ya maneno tu.

Alikujaje? Hapa hadithi inakuwa nzito, nami sitaipamba.

Serikali ya Waingereza ilituma jeshi kuwapiga Abagusii mwaka 1905. Miaka miwili baadaye, 1907, ikafungua kituo cha utawala mahali palipoitwa Getembe, pakaja kuitwa Bosongo, yaani kwa Wazungu. Jina hilo wazee wanalitumia kuuita mji wa Kisii mpaka leo. Ofisa aliyewekwa hapo alikuwa kijana aliyeitwa Geoffry Northcote. Ndimi za hapa zikamwita Nyarigoti. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii mwanamke Moraa Ng'iti, alimchoma Northcote kwa mkuki. Northcote alipona. Gusii haikupona upesi. Jeshi lilirudi, likachoma nyumba, likaswaga ng'ombe kwa maelfu na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo katika Wizara ya Makoloni, akaona mauaji yamepita kiasi na kulalamika.

Baada ya bunduki yakaja madaftari. Kabla Vita vya Kwanza vya Dunia havijaanza, Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa wameshafika Nyabururu, na Waadventista Nyanchwa. Hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kufundishwa, na kilichofundishwa kilikuwa Kiingereza cha wakati huo, cha watu waliokulia enzi ya Malkia Victoria, waliosafiri kwa farasi na treni, wakaalight bila kuona ajabu yoyote. Northcote mwenyewe alipanda vyeo huko mbele, na kuanzia 1937 hadi 1941 alikuwa Gavana wa Hong Kong. Chuo cha walimu cha kule kikapewa jina lake. Nimetaja hilo kwa makusudi. Ukifuata nyayo za maofisa kama yeye, utaona Kiingereza cha aina moja kimeachwa katika makoloni yaliyo mbali sana. Singapore, kwa mfano, mpaka leo abiria wa treni na mabasi wanaalight, na hakuna anayecheka. India vilevile. Mti ulinyauka kwao, vipandikizi vikashika kwa wengine.

Kisha walimu wetu wenyewe wakakikamata kitenzi hicho, nao hawakukiachia. Mtu yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya anakumbuka mazoezi ya kujaza nafasi. Unapanda basi: jaza kitenzi. Unashuka: jaza kitenzi, halafu jaza kihusishi kinachokifuata. Mtihani wa KCPE ulioanza 1985 na kufungwa 2023 ulilea kizazi baada ya kizazi kilichojua kwamba jibu sahihi ni "board" na "alight", na kwamba "alight" hufuatwa na "from" kama unataja gari na "at" kama unataja mahali. Ukiandika "get off", mwalimu wa zamani alikuwekea alama nyekundu na kukuuliza kama unamfukuza mtu. Alikuwa amekosea kidogo, maana "get off" ni Kiingereza halali. Lakini sikio lake lilimwambia jambo ambalo hakukosea, na nitalifikia.

Kwanza nataka tupande Probox.

Nje ya Gusii watu wanalijua gari hili kama gari dogo la kazi, Toyota iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 2002, viti vitano, buti pana. Huku ni usafiri wa umma. Mnakumbuka sheria za matatu za waziri Michuki, Februari 2004: matatu abiria kumi na wanne tu, mikanda kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, spidi isizidi kilomita 80 kwa saa. Wizara ya Uchukuzi iliwaza juu ya uzito na mwendo. Lakini vilima vyetu vina njia za ndani ambazo matatu kubwa hazifiki kwa wakati, na Probox ikaja kujaza pengo hilo, na kujazwa yenyewe.

Chukua njia ya kwenda Marani jioni mvua ikiwa imenyesha. Mbele, kiti cha abiria kina watu wawili. Abiria wa tatu amegawana kiti na dereva, na dereva amesukumwa mpaka bega lake la kulia limetoka dirishani. Akitaka kubadilisha gia anaomba radhi kwa goti la mtu. Kiti cha nyuma wako wanne, mmoja amepakata mtoto wa jirani. Buti lina watu watatu waliokaa kinyume, wanaitazama barabara ikiwakimbia, na katikati yao kuna kuku aliyefungwa miguu na gunia la makaa. Karatasi za gari zinasema watano. Sisemi hili kulisifu. Ajali za magari haya tunazijua, na mazishi yake tumeyahudhuria.

Sasa, kati ya wale wanne wa nyuma, yule wa pili kutoka dirisha la kushoto anasema anaalight. Gari linasimama, dereva akilipachika gurudumu kwenye majani ili lisirudi nyuma. Wa kwanza anashuka ili kumpisha, anakanyaga tope, anavuta sketi yake juu kidogo. Mwenye safari anatoka kwa kiuno, kisha kichwa, kisha mguu uliokufa ganzi. Kumbe mzigo wake uko nyuma, chini ya watu. Buti linafunguliwa, wawili wanaruka nje, gunia linavutwa. Kwa ufupi mtu mmoja anaalight, wanne wanashuka. Halafu wote wanarudi ndani isipokuwa yeye. Na hapo, ukiwa umesimama kando, tazama gurudumu la nyuma. Springi zinapanda. Pengo kati ya tairi na bodi, ambalo halikuwapo, linaonekana tena, upana wa vidole viwili. Gari limepumua.

Ndiyo maana nasema wanaotucheka wamekosea anwani. Mwingereza anayeshuka basi lenye viti vitupu nusu hawezi kulifanyia basi hilo wepesi wowote wa kupimika. Amebaki na neno lisilo na kazi, akaliweka kando. Huku uzito ungalipo, na anayeshuka anaupunguza kweli. Bodaboda ndiyo kabisa. Umeketi juu, miguu huku na huku, unamshikilia aliye mbele yako, na unaposhuka pikipiki inainuka chini yako. Karne zaidi ya kumi zimepita na kitenzi kimerudi kwenye mgongo wa kitu kinachobeba.

Nilisema nitalirudia lile sikio la mwalimu. Sikiliza vizuri jinsi maneno yanavyogawanywa ndani ya gari. "Shuka" ni neno la nani? Ni la kondakta. "Shuka, tumefika." "Shuka, hujalipa." "Shukisha huyu, pesa yake haitoshi." Limezoea kuwa amri. Tena katika maisha ya kawaida kushuka si habari njema: bonasi ya chai imeshuka, mtoto ameshuka darasani, mtu ameshuka hadhi. Abiria akitaka kusimamisha gari kwa hiari yake, kwa nauli yake, anatafuta kitenzi ambacho kondakta hajakitumia kumfokea mtu. Anaalight. Hajafukuzwa na hajaomba. Ametangaza. Na utaona hata namna wanavyokitamka: "Kuna mtu anaalight," kama vile mtu huyo ni mwingine, mheshimiwa fulani ambaye msemaji amepewa kazi ya kumtangulia. Ni yeye mwenyewe.

Kondakta mwenye adabu anajua kujibu kwa kiwango hicho. Akimwona mama mzee anajiandaa, atasema, "Polepole, baba anaalight." Msikilizaji wa Machakos au Mombasa, usifikirie kondakta amelewa. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba mzazi ni tata. Wageni wanaohamia Nyamira huchukua muda kabla hawajazoea kumsikia mwanamke wa miaka sabini akiitwa baba na gari zima likiitikia kwa heshima.

Haya, na Kiswahili chetu je? Watu huniambia kwamba kama tunataka kuwa wazalendo tuseme "nashuka" yaishe. Sina ugomvi na "nashuka". Ukivuka mpaka pale Isebania ukaingia Sirari, upande wa Tarime, hakuna anayealight tena. Barabara ni ile ile moja inayotoka Kisii, watu ni wale wale Wakuria pande zote mbili, lakini abiria anasema "shusha hapo kituoni", na konda anashusha, na hakuna aliyeshushwa cheo. Mombasa utasikia pia watu wanateremka. Kila mahali na mgawanyo wake wa maneno.

Lakini ukitaka kitenzi cha Kiswahili kinacholingana na "alight" kwa undani, usikitafute kwenye kushuka. Kitafute kwenye kutua. Ndege anatua tawini. Ndege ya abiria inatua uwanjani. Na kabla ya hayo yote, mtu anatua mzigo: ameubeba kichwani kutoka mbali, anasimama, anainama, anaushusha, shingo inanyooka. Wapagazi wa misafara walitua jioni, na walipotua mizigo walikuwa wametua wao pia, safari ya siku hiyo imekwisha. Nenda Daraja Mbili siku ya soko uwatazame akina mama wanaoteremka na ndizi. Hawasemi wamefika mpaka wametua. Watu wa Ulaya ya Kaskazini wakiwaangalia farasi wao, na watu wetu wakiangalia shingo zao wenyewe, wakaunganisha mambo yale yale mawili: kuondoa uzito, na kugusa chini. Hawakuulizana. Tofauti ni kwamba kwao mzigo ulikuwa mtu, juu ya mnyama. Kwetu mtu ndiye aliyebeba.

Kwa nini basi hatusemi "natua hapo kwa transfoma"? Mazoea tu. Kutua tumewaachia ndege na mizigo, na abiria wetu hapendi kuitwa mzigo, ijapokuwa ndani ya Probox tofauti ni ndogo. Sipendekezi tubadilishe. Lugha ya garini haibadilishwi na mtu mwenye maikrofoni.

Inayoibadilisha ni vijana, na tayari wameanza. Siku hizi, hasa kwa wanaorudi likizo kutoka vyuoni, nasikia kitu kingine: "Dere, nidrop hapo." Neno jipya, jepesi mdomoni, limekuja na teksi za kuitwa kwa simu, ambako unabonyeza mahali pa kuchukuliwa na mahali pa kudropiwa. Nililileta suala hili kwa wazee fulani wa steji mjini Kisii, wale wanaopanga foleni ya magari na kuandika kwenye kijitabu, nikitarajia waniambie hakuna tofauti. Wakakataa katakata. Anayealight, wakasema, ana miguu, anajishusha mwenyewe. Kudrop ni kazi inayofanyiwa gunia la ndizi, tena na hilo ulidrop kwa uangalifu, kwa sababu likipasuka mwenyewe hakulipi.